Kesi ya Mama wa Shoti

Kibanda cha video cha Bwana Shee kilinuka viazi karai, mikeka yenye unyevu na petroli ya jenereta. Naandika hivyo kwa tahadhari, kwa sababu siziamini sana kumbukumbu za utotoni zinazoanza na harufu. Mara nyingi harufu hutiwa baadaye, mwandishi akiwa ameshakaa mezani. Lakini hii ya petroli ninao ushahidi wake. Hadi leo nikipita karibu na jenereta inayonguruma, mkono wangu huteremka wenyewe kutafuta bega dogo la mtu aliyeketi chini mbele yangu. Kibanda kilikuwa mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi, kuta zake za mabati na madirisha yake yamezibwa kwa mablanketi ili mwanga wa mchana usiingie. Wakubwa walikaa kwenye mabenchi, watoto mikekani. Likizo ya Agosti ninayoikumbuka nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na kila Jumamosi baada ya adhuhuri niliingia humo nikimshika mkono Kadzo, binti wa mjomba wangu Kahindi, aliyekuwa na miaka sita.

Mjomba ndiye aliyekuwa mfasiri. Picha zilikuja kwa Kiingereza, naye alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya runinga, maiki mkononi, akishusha sauti ya Wazungu na kupandisha yake. Alikuwa shujaa, adui, polisi, mtoto anayelia na mbwa anayebweka, wote kwa koo moja. Shujaa wetu wa likizo ile alikuwa kijana anayetoa umeme viganjani. Mjomba alimbatiza Shoti, na jina lake la Kiingereza hakuna aliyelikumbuka tena. Adui wake mkuu alikuwa tajiri mwenye koti refu, ambaye kwa kinywa cha mjomba alizungumza polepole na kwa dharau, kama karani aliyekalia faili la mtu. Watu walicheka mpaka mabati yakatetemeka. Mimi pia nilicheka, ingawa nilikuwa nimeanza kukijua Kiingereza cha kutosha kusikia kwamba nusu ya maneno yale mjomba aliyatoa kichwani mwake.

Ila watu hawakuja kutazama tu, walikuja kushitaki. Picha ikiisha, kabla jenereta haijazimwa, kulikuwa na kesi. Aliyeona kasoro alisimama, akataja tukio, na mfasiri alimjibu kwa maiki. Wasipoelewana, kibanda kizima kilipiga kelele, “Rudisha!” na Bwana Shee, mzee mwembamba aliyehamia kutoka visiwa vya kaskazini, alishika rimoti yake iliyofungwa kwa mpira na kulirudisha tukio lenyewe ili kila mtu aone kwa macho yake. Gari lililobondwa sehemu ya kwanza limekuwaje zima sehemu ya pili? Kama mwili wa Shoti una umeme, anaogaje? Kiongozi wa washitaki alikuwa Baraka, fundi wa baiskeli, aliyeamini kwamba picha isiyokumbuka ilichosema jana haifai kutazamwa na watu wazima. Aliyempinga kila wiki alikuwa Mama Furaha, aliyekaanga viazi karai mlangoni. “Baraka,” alimwambia siku moja bila kuinua macho kwenye karai lake, “wewe ukialikwa harusini utauliza kwa nini watu wanaruka.”

Sasa niseme jambo ambalo kibandani walilijua wachache. Mwezi wa nne mwaka ule, mke wa mjomba, mkazamjomba Mbeyu, alifariki hospitalini Mombasa. Tulimzika Kakuyuni kwa babu. Kadzo aliachwa mjini kwa jirani, na wakubwa wakakubaliana aambiwe kwamba mama yake bado anatibiwa. Mimi nilifungwa mdomo na mama yangu jikoni, akiwa na mwiko mkononi. “Mtoto mdogo hawezi kubeba jambo hili,” alisema. “Ukimwambia, mimi na wewe basi.” Niliuliza tutamficha hadi lini. Nikaambiwa nikachote maji.

Katika sehemu ya pili ya picha zile, mama wa Shoti aliunguzwa mkono na adui, akalala kitandani kidogo, akafa. Hapakuwa na la kufasiri: jeneza lilionekana, kaburi lilionekana, padri alionekana akisoma kitabu mvuani. Kadzo alikuwa mkekani kati ya magoti yangu. Mjomba alikohoa ndani ya maiki, kisha akasema, “Mama wa Shoti anasafirishwa Mombasa, akatibiwe. Sanduku hilo ni la vyombo vyake.” Kibanda kikalipuka. “Vyombo gani vinaombewa na padri?” alipaza sauti Baraka. Mjomba akajibu upesi, “Wewe hujaoa, hujui sufuria za mtu zina uchungu gani.” Watu wakavunjika mbavu na kesi ikafia hapo. Kadzo hakucheka. Aligeuka, akanitazama, akasema taratibu, “Kama mama.”

Jumamosi iliyofuata ilikuja sehemu ya tatu. Ilianza na kioo cheusi na maandishi meupe: miaka saba kabla. Niliyasoma mara moja, na nilikuwa bado nayatazama mjomba aliposema kwa sauti yake nzito, “Miezi saba imepita.” Kisha akaonekana mama wa Shoti jikoni, mzima, akimimina chai. Kadzo alisimama juu ya mkeka akapiga makofi. “Amepona!” aliwaambia watu wa nyuma, na Mama Furaha pale mlangoni akageuza uso. Picha ilipoisha Baraka aliinuka kutaka kesi, lakini petroli ilikwisha, runinga ikazimika, na Bwana Shee akatangaza kwamba kesi imeahirishwa hadi Jumamosi nyingine, picha itakaporudiwa.

Wiki ile ilikuwa ndefu kuliko likizo yote. Kadzo alichora mistari saba ya makaa kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, akafuta minne kwa ajili ya miezi iliyokwisha pita, akabaki na mitatu. Aliitoa leso ya mama yake sandukuni, akaifua mwenyewe na kuianika. Mama yangu aliiona, akaingia ndani. Mtaani nako watu waligawanyika. Walibishana kisimani, walibishana msikitini baada ya swala, walibishana kwa Baraka huku gurudumu la mteja likiwa limeinuliwa hewani. Nilipopelekwa huko kujaza upepo, Baraka aliniinamia. “Sidi, si wewe unayesoma Kiingereza shuleni hadi walimu wanakusifu? Yale maandishi ya mwanzo yalisemaje?” Nilimjibu kwamba sikuyaona vizuri. Aliniangalia kwa namna ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniangalia, kama shahidi anayejulikana kuwa anaficha. Jioni mjomba, ambaye lazima alisikia, alinipa kipande cha muwa na kusema tu, “Ahsante, mama.” Muwa ule sikuumaliza.

Jumamosi ile nilijaribu kumwacha Kadzo nyumbani, akalia mpaka nikamchukua. Alikuja na leso mabegani. Kibanda kilijaa, wengine wamesimama mlangoni, na hata Mama Furaha alikuwa ameepua karai lake. Picha ikaisha. Baraka akasimama, na safari hii hakuwa na mzaha. “Mkono wa mama huyu uliungua,” alisema. “Leo ni laini kama wa bibi harusi. Shoti alikuwa na kovu shavuni, leo hana. Ama picha hii ni mbovu, ama tunadanganywa.” Neno la mwisho lilitua vibaya. Mjomba alisema kitu kuhusu dawa za Mombasa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. “Rudisha!” Bwana Shee akarudisha hadi mwanzo kabisa, akasimamisha pale penye maandishi. Kioo cheusi, herufi nyeupe, na jenereta nje ikinguruma. “Nani msomaji?” aliuliza. Baraka alininyooshea kidole.

“Simama, mwanangu,” alisema Bwana Shee. “Hapa pana kesi. Soma kama yalivyo.”

Mjomba aliteremsha maiki hadi mapajani. Hakunikonyeza wala kutikisa kichwa. Ningeweza kusema miezi. Lilikuwa neno moja, na mle ndani hakuna ambaye angenisahihisha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikulisema, na jibu la heshima ningelipenda: kwamba niliuchukia uongo, kwamba nilimhurumia mtoto anayefua leso ya marehemu. Ukweli ni mdogo zaidi. Watu wote walikuwa wananisubiri mimi, nami nilijua jibu.

“Miaka saba kabla,” nilisema.

“Kabla ya nini?”

“Kabla ya zile tulizoziona. Haya yalitokea nyuma. Mama alikuwa bado hajaungua.”

Baraka aliruka hadi benchi likaanguka. “Basi alikufa! Si nilisema? Alikufa, akazikwa, na sanduku lilikuwa lake!” Watu walishangilia, wakapigana mabega, wakamzomea mjomba kwa furaha ya watu waliosubiri wiki nzima. Nilipotazama chini, mkeka ulikuwa mtupu. Palibaki ndara moja ya bluu.

Maiki ilianguka sakafuni na mshindo wake ukatoka kwenye spika kama mlango uliofungwa kwa hasira. Mjomba alikwisha pita katikati ya watu. Nilisikia Mama Furaha akimwambia Baraka pale mlangoni, “Mtoto yule hajui kama mamake kafa. Sasa ndiyo umemwambia,” na nikauona uso wa Baraka ukipoteza ushindi wake wote. Alichukua baiskeli ya mteja, ikiwa haina breki, akaenda. Sisi tulikimbia. Tuliangalia kisimani, kwa jirani, nyuma ya nyumba penye mistari ya makaa. Jua lilikuwa kali, na kila mtoto niliyemwona kwa mbali alikuwa Kadzo hadi alipogeuka. Mjomba alikimbia mbele yangu. Nilimsikia tu akihema, mtu ambaye sauti yake ilijaza kibanda, na pumzi zile zilikuwa nyembamba kama za mzee.

Baraka ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa stendi, mbele ya basi la Mombasa, mguu mmoja pekupeku, leso kifuani, akimwambia makanga kwamba anakwenda hospitali kumwangalia mtu. Tulipofika, Baraka alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, ameshika baiskeli kwa mikono miwili, hajathubutu kumgusa. Mjomba alipiga magoti kwenye vumbi lenye mafuta ya magari. Alizungumza naye Kigiriama, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwenye maiki. Mengi sikuyasikia. Nilisikia maswali mawili ya Kadzo.

“Sanduku lilikuwa lake?”

“Lilikuwa lake.”

“Si la vyombo?”

“Si la vyombo, mwanangu.”

Kesho yake walikwenda Kakuyuni, wawili tu, naye akaonyeshwa kaburi. Nyumbani hakuna aliyenigombeza, na hilo lilinitesa zaidi. Mama hakurudia tena maneno yake ya jikoni. Wiki ya mwisho ya likizo Kadzo alisema anataka sehemu ya pili irudiwe. Mjomba alikwenda kumwomba Bwana Shee, kisha akaniita. “Kaa hapa kando yangu,” alisema. “Maandishi utanisomea wewe. Mengine nitasema mimi.” Ilipofika mvua, padri na jeneza, hakukohoa. Alisema, “Mama wa Shoti amefariki. Hapa wanamzika.” Halafu akapandisha sauti ya runinga, na kwa dakika chache tulisikia sauti yenyewe ya picha, mvua ya kigeni ikinyesha juu ya mabati yetu makavu. Ilipokwisha, Bwana Shee aliuliza kama kuna kesi. Baraka alikuwa ameketi benchi la nyuma, kofia mapajani. Alitikisa kichwa.

Leo pale kibandani kuna duka la vifuniko vya simu. Mjomba anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Marereni, na anasema upepo wa kule umemkausha koo. Kesi zimehamia simuni. Nina shahada, nimo katika kundi la mtandaoni la mashabiki wa Shoti, wa kutosha kujaza vibanda kumi, na nina sifa mbaya ya kuandika malalamiko marefu kuhusu mwendelezo: nani alikuwa wapi, nani alijua nini, kovu limekwenda wapi. Hakuna anayerudisha chochote. Ukiuliza, unajibiwa na watu wasio na sura kwamba ni picha tu, dada, tulia. Kibandani mfasiri alijibu akiwa ameketi mbele yako, na kama alidanganya, uliweza kuiona sababu ya uongo wake ikiwa imekaa mkekani. Sidai kule kulikuwa bora. Kule ndiko tulikompoteza mtoto mchana kweupe kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi.

Juzi imetoka picha mpya ya Shoti, na mama yake amerudi. Si miaka saba kabla, si ndoto. Amerudi tu, ameketi jikoni anamimina chai, na watengenezaji hawakuona haja ya kueleza. Kundi limechafuka. Nusu wanalia kwa furaha, nusu wanadai kwamba ubora umeshuka hadi chini ya sakafu, na mimi niliandika aya sita, ya kwanza ikiwa na tusi. Kadzo yumo kundini. Anasomea uuguzi Kilifi, na kwa kawaida huja kunicheka tu na kuondoka. Safari hii alikaa muda mrefu, nikiona ameanza kuandika, ameacha, ameanza tena. Mtu mmoja alikuwa ameuliza kwa kejeli ni nani hasa aliyewahi kumwona mama huyu akizikwa, maana huenda sanduku lilikuwa tupu.

“Alizikwa,” Kadzo alimjibu. “Mimi nilikuwapo.”