Mgagani wa Kwenye Ua wa Minyaa

Nawasimulia huku natazama chini, jamani, maana kuna aibu hazizoeleki, na hii ya kwangu ilinipata mchana kweupe pale Buseresere, mbele ya soko zima.

Kikundi chetu cha kina mama kilikuwa kimeahidiwa meza ya kuuzia mboga za asili, ila kwanza tupike watu waonje, wakizipenda ndiyo tupewe (watu wa mjini wamezoea kabichi na chipsi, mgagani wanauona magugu). Kupika nikajitolea mimi, kwa kiherehere changu. Asubuhi naamka, mbuzi wa jirani wamemaliza bustani yote! Nikabeba beseni, nikashika njia ya machimbo ya zamani, nikaona ua wa minyaa na ndani yake mgagani umenawiri mpaka unang'aa. Nikapiga hodi. Sauti ya mama mtu mzima ikaitika kutoka nyuma ya nyumba.

"Shikamoo mama. Naomba mboga."

"Marahaba. Chuma mwanangu, ila uniachie za mbegu."

Mwenye akili angezunguka akamsalimie uso kwa uso. Mimi nikaona nitachelewa, nikang'oa, nikang'oa, beseni likajaa, na muda wote huo hakuna kuku aliyelia wala jani lililotikisika (nikasema ni joto tu).

Sokoni nikaupika kwa maziwa na karanga, watu wakalamba vidole, mwenyekiti wa soko akaomba aongezwe, sifa zikanipanda kichwani nikatangaza: "Huu nimepewa na mama wa kwenye ua wa minyaa, njia ya machimbo!"

Mama Kulwa, muuza dagaa, akaweka sahani chini taratibu.

"Pale ni kwetu," akasema. "Mama tulimzika palepale uani. Hakai mtu."

Vijiko vikatulia. Mmoja akatema. Nikajitetea kwamba nimeongea naye, kaniambia nimwachie za mbegu, na hapo ndipo nikaharibu kabisa.

"Ndivyo alivyokuwa akisema," Mama Kulwa akanong'ona. "Ulimwachia?"

Sikuwa nimeacha hata shina moja.

Meza hatukupewa. Kesho yake nikarudi na mbegu, nikazipanda nimepiga magoti, nikasema shikamoo. Kimya. Niliogopa, lakini aibu ilizidi hofu. Nikaapa sitachuma tena mboga ya mtu ambaye sijamwona uso.

Juzi Mama Kulwa kaniambia mgagani umejaa ua mzima, niende nikachume. Nimemwambia aende yeye, na anisalimie mama.