Uso wa Babake Mwanakuu

Mwanakuu wa Kibokoni amepinda leso za watu karibu maisha yake yote. Kiti chake kiko barazani mwa duka moja la nguo mtaa wa Biashara, cherehani mbele yake. Mnunuzi akishachagua doti yake ndani, humtolea yeye aikate na kuipinda, naye hushona huku akisimuliwa habari za arusi ambazo hakuziuliza. Mkono wake mwepesi, na ulimi wake mwepesi zaidi. Ukimletea leso iliyoandikwa jina la kumpiga mtu kijembe, atataka kujua anayesutwa ni nani. Usipomwambia atakupindia, lakini atanuna.

Jambo moja tu lilikuwa likimnyamazisha, nalo ni habari ya babake. Baba huyo alifariki Mwanakuu angali ananyonya, asiache hata picha. Babu mzaa baba alikuwa mwalimu wa Kurani, mtu wa msimamo. Kwake picha ya kiumbe haikuwekwa, kwani malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye picha, na zilizoletwa alizichana. Mama naye akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja: “Babako alikuwa maji ya kunde, si mrefu si mfupi, na mcheshi.” Kwa maelezo hayo Mwanakuu angeweza kumwita baba nusu ya wanaume wa Mombasa. Alitamani kuuona uso wake, basi, hata mara moja, kabla naye hajaitwa na Mola wake.

Mwaka huu mwanawe Sufyan, fundi wa stima, aliitwa kutengeneza taa katika chuo kikuu kimoja kikongwe hapa kisiwani, chenye kuba na matao, ambacho zamani kilikuwa shule ya ufundi ya wanaume. Alirudi na habari. Katika ukumbi wa zamani wametundika picha za wanafunzi wa miaka ya hamsini, na mojawapo ni ya darasa la useremala.

“Mama, si babu, babako, alisoma useremala pale?”

Mwanakuu aliondoa mguu kwenye cherehani. “Ndiyo.”

“Basi kesho n’taipija picha kwa simu nikuletee.”

“Nimtazame babangu simuni, kama watu watazamavyo bei ya samaki? N’taenda mwenyewe.”

Chuo hicho kina siku yake ya kutembelewa, ambapo watalii na wenyeji huzungushwa majengoni. Mwanakuu alifika kwa tuktuk, amevaa buibui jipya, nguo zimefukizwa udi. Amezeeka kisiwani humu na lango lile hakuwahi kulivuka. Ujanani mwake lilikuwa la wanaume. Baadaye wasichana walijaa, lakini yeye hakuwa na shughuli humo, na kwa desturi yake mtu haendi mahali asipo na shughuli. Askari wa langoni alimbandika karatasi kifuani, imeandikwa MGENI.

“Mgeni mimi? Wewe kwenu wapi?”

“Taita, mama.”

“Sasa mgeni hapa ni nani?”

Askari alicheka sana, lakini karatasi haikutoka.

Aliyewaongoza wageni alikuwa Awino, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Kisumu, msichana mwenye sauti ya kusikika na mwendo wa haraka. Watalii wengine walikuwa wametoka Nairobi, na walikuwamo Wazungu wawili wazee waliobabuka kwa jua. Awino aliwaonyesha kuba, akawaonyesha karakana, akaeleza nani alichanga na nani alijenga. Watu walipiga picha nguzo kwa nguzo. Mwanakuu hakusikia hata nusu ya maelezo. Aliyekuja kumwona hakuwa nguzo. Magoti nayo yakamchelewesha. Alipofika penye ukumbi wa zamani, wenziwe walikuwa wameshaingia na kutokea mlango wa upande wa pili.

Mlango ulikuwa wazi. Alisimama kizingitini.

“Hodi!”

Kimya.

“Hodi wenyewe!”

Kimya. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kukata tamaa. Hakuitikiwa, akageuka akaondoka.

Usimcheke. Alivyolelewa, na alivyomlea Sufyan, hodi ni tatu. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka wala huweki kinyongo, kwa maana mwenye nyumba ana sababu zake. Basi alikwenda akakaa kwenye ukuta mfupi wa bustani, machozi yakimlengalenga, akijikasirikia kwa kuja. Umri wote huu amemtaka babake, na siku aliyofika mlangoni kwake hakukaribishwa.

Awino alipoona mmoja hayupo, aliwaacha wengine kivulini akarudi kumtafuta.

“Mama, umechoka? Ukumbi umeuona?”

“Sikuuona. Nimepija hodi mara tatu, hapana alonitikia.”

“Lakini ule ni ukumbi wa maonyesho, hauna mwenyewe. Watu wanaingia tu.”

“Hao waingiao tu, wamelelewa na nani?”

Awino alianza kucheka, kisha akaona mwenziwe hatanii. “Mama, mle ndani unamtaka nani?”

“Babangu,” alisema Mwanakuu, akamweleza yote.

Msichana hakubishana naye. Alizunguka mbio, akaingia kwa mlango wa pili, na sauti yake ikatoka ukumbini: “Karibu, mama! Karibu ndani!”

Mwanakuu alivua viatu, akaingia kwa mguu wa kulia.

Picha ya maseremala ilikuwa kubwa, ndani ya fremu ya mbao. Vijana walikuwa wameketi safu tatu, wenye kanzu na kofia na wenye nguo za kazi, randa na misumeno imepangwa miguuni mwao. Chini palikuwa na majina, lakini unyevu ulikuwa umeyala, pamebaki madoa ya kahawia. Awino aliwasha taa ya simu, akainama, akajaribu tena na tena.

“Hayasomeki, mama. Pole sana.”

Mwanakuu alianza upande wa kushoto, uso kwa uso. Maji ya kunde? Picha haikuwa na rangi. Si mrefu si mfupi? Wote wameketi. Mcheshi? Hapakuwa na hata mmoja aliyethubutu kutabasamu mbele ya mpiga picha. Aliitafuta pua ya Sufyan, akaipata kwa wanne. Alirudi safu ya kwanza, akaanza upya, na uchungu ukampanda.

“Yumo humu, mwanangu. Yuwanitazama, nami simjui.”

Awino alizima taa ya simu, akasogea nyuma.

Mwanakuu alipangusa macho, akaweka buibui lake sawa, akasogea mpaka karibu kabisa na picha. Vijana wale, hapana hata mmoja aliyefikia umri wa Sufyan. Aliwainamishia kichwa.

“Shikamooni,” akawaambia. “Shikamooni, baba zangu.”