Sindano ya Nyabo

"Ma Ephrasia, watu tunazika kila wiki, na wewe unahangaikia sindano ya paka?"

Jirani yake Skolastika aliuliza hivyo akiwa ameegemea mlango, jembe begani, bila ubaya wowote. Ma Ephrasia alitabasamu tu, akaendelea kutandaza nyasi mpya sakafuni. Paka wake Nyabo alikuwa amejilaza juu ya nyasi hizo, penye mwanga.

Nyabo alikuwa wa kijivu, wa uzao wa yule paka waliyemkuta analinda nyumba peke yake waliporudi kutoka kukimbia mizinga mwaka wa vita. Jina alipewa na Klaudia, binti wa Ma Ephrasia. Sasa Klaudia alikuwa amelala kibanjani chini ya migomba, Mungu ampumzishe, na mwanawe Alistidia, wa miaka minane, tangu siku ya maziko alikuwa akizungumza na paka tu.

Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia kijijini kwao, Izigo. Jumapili, baada ya misa, mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba ikifika Ijumaa, mbwa au paka asiye na karatasi ya chanjo atauawa.

Basi Jumatano Ma Ephrasia akampeleka Nyabo kwa bwana mifugo Philbert, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitenge. Mfukoni alikuwa na sindano mpya, ya mwisho kati ya zile alizomnunulia Klaudia. Miaka ile kila mgonjwa alikwenda hospitali na sindano yake.

"Mama, hata paka anaogopa Ukimwi?" Philbert alisema, na foleni nzima ikacheka.

"Cheka, mwanangu. Lakini nisomee kwanza hiyo chupa."

Philbert akaigeuza chupa. Kicheko kikafutika usoni mwake.

"Hii ni ya mbwa peke yao. Vijidudu vyake ni hai, vimedhoofishwa tu. Mbwa anavihimili. Paka vinaweza kumpa kichaa chenyewe."

"Mwaka juzi paka wangu alichomwa ya mbwa," Skolastika alisema taratibu kutoka kwenye foleni, akiwa ameshika kamba ya mbwa wake. "Mguu ule ule uliochomwa ndio ulioanza kulegea, kisha akafa."

"Ya vijidudu vilivyouawa ipo Muleba, kwenye jokofu," Philbert akasema. "Hiyo ndiyo salama kwake. Uwahi kesho, mama. Keshokutwa sina la kukusaidia."

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito, basi la Muleba likawa kama linaelea. Mibuni ilikuwa imechanua, na harufu yake ikaingia madirishani tamu kama usingizi. Ma Ephrasia akasali rozari, mkono mmoja juu ya kikapu. Mahali fulani kati ya fumbo la tatu na la nne alihisi Klaudia ameketi ubavuni pake, mdogo, wa umri wa Alistidia, miguu haifiki chini. Hakugeuka kumtazama. Alijisogeza tu kidogo, ampe nafasi.

Muleba, daktari wa mifugo alimwonyesha chupa kabla hajaombwa, akamsomea neno kwa neno: imeuawa, inafaa kwa paka. Akapokea ile sindano mpya kwa mikono miwili, bila kucheka. Nyabo alilia mara moja, kisha akaficha uso kwenye kitenge.

Daktari akavuta karatasi. "Jina la mwenye paka?"

Ma Ephrasia alikuwa amefungua kinywa kutaja lake. Akasita. Alitazama nje, ukungu ulikuwa unafunguka juu ya vilima. Akawaza mwakani, na mwaka mwingine baada ya huo, na mtoto amesimama peke yake kwenye foleni na kikapu.

"Andika Alistidia, binti wa Klaudia," alisema. "Na uandike kwa herufi kubwa kwamba kila mwaka paka apewe hii hii iliyouawa, maana huenda mimi nisiwepo kuuliza."