Kazi ya Binti Yangu kule Great Barr

Siku binti yangu alipopata kazi nilipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Alikuwa na miaka kumi na saba, bado yuko chuo, na kampuni moja ya mafundi wa stima kule Great Barr, mtaa wa jiji letu hapa ughaibuni, ilikubali kumfundisha kazi huku ikimlipa. Wavulana ndio walioomba kwa wingi, wakamchukua yeye. Sasa mwambie mama Mkenya anyamaze!

Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi. Tulipokuwa tunakunywa chai baada ya ibada, mama mmoja anayelea watoto peke yake kama mimi akanivuta kando.

"Dada, Mungu ni mwema, lakini umewaza mambo ya msaada wa serikali? Mtoto akiacha chuo akaingia kazi ile, wanakata fungu lake lote. Mimi walinikata."

Chai ilinishinda.

Lazima niseme ukweli. Nilikuwa nafanya kazi, lakini msaada wa serikali ndio uliotushikilia. Mgongo uliniharibikia kwa kuinua wazee kwenye makao ya kuwatunza, nikabaki na saa chache tu, na kodi ya nyumba yetu ya Lozells haikulipika bila msaada huo. Siutukani. Ulitulisha. Ila mwaka mmoja nilikubali zamu za ziada, wakaupunguza. Zamu zikaisha, na kurudishiwa kukachukua wiki na wiki. Mwenye nyumba alikuwa akija kubisha, nasi tumejificha nyuma ya kochi, nimemziba mwanangu mdomo kwa kiganja asikohoe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi unyasi wangu ni bahasha ya kaki ya ofisi ya msaada ikidondoka mlangoni.

Wiki ile nzima sikuwa mtu. Kila nikisikia tarishi nasimama wima. Niliipigia ofisi yao simu, nikasikiliza muziki wao karibu saa nzima, na mtu alipojibu nikakata. Ningeulizaje bila kuwaamsha wakaja kunikata? Nikajionea haya, mwanamke mzima kuogopa simu!

Alhamisi nikamwambia binti yangu, tukiwa jikoni.

"Nitakupa mshahara wangu, Mama," akasema. "Wote."

"Na wakikufukuza baada ya mwezi? Tutaanza kungoja upya, na huyu mwenye nyumba atangoja nasi? Maliza chuo kwanza, mama. Kazi hazikimbii."

Uongo mtupu. Kazi kama ile hukimbia, na nilijua hivyo nilipokuwa nasema. Lakini hofu ikishakushika, unasema chochote.

Nilitarajia alie, abamize mlango, aniambie namharibia maisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo. Ningefoka, ningemkumbusha nani alimzaa, na pengine katikati ya kelele ningeona aibu nikamwacha aende. Hakunipa nafasi hiyo. Aliniangalia kwa upole, vile mimi huwaangalia wazee wangu kazini, waliopotewa na kumbukumbu, wanaposema wanataka kwenda kwao. Kisha akachukua simu akaipigia kampuni palepale mbele yangu, sauti ikisikika.

Nilimsikia akimweleza bwana aliyempa kazi kwamba amebadilisha nia. Bwana akamuuliza kama kuna shida nyumbani.

"Hapana," akasema. "Hakuna shida."

Bwana akasema anasikitika, basi atampigia anayefuata. Binti yangu akamshukuru kwa adabu, akaweka simu mezani, akatoka uani kuanua nguo.

Na mimi, mama mzazi, nilihisi nini? Afueni, jamani. Kifua kilifunguka, nikavuta pumzi ya kwanza kamili tangu Jumapili. Nikakaa kwenye kiti, nikafumba macho, nikasema kwa sauti, "Asante, Bwana. Asante."

Nilipofumbua macho nikaona mlango wa uani uko wazi. Binti yangu alikuwa amesimama na shati mkononi, amenipa mgongo, ameacha kuanua.