Tuliokatazwa Kusalimiana

Sina subira na mtu anayeingia nyumbani kwangu akaanza na swali kabla ya salamu. Nimelelewa hivyo na nimezeeka hivyo. Kwa hiyo sijui yule mama wa ng'ambo alitarajia nini alipotukaribisha sisi, walimu wa Meru na Embu, katika mtandao wake wa walimu.

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni. Nilikuwa nafundisha shule ya bweni ya wasichana karibu na Kangeta. Likizo moja tuliitwa semina Embu, tukaonyeshwa jinsi ya kuandika baruapepe, kisha tukaandikishwa katika kundi la walimu wa nchi mbalimbali. Ukituma barua moja inamfikia kila mwanakundi, na akijibu mmoja, jibu linawafikia wote. Shuleni kwetu hapakuwa na kompyuta. Jumamosi nilikuwa nashuka Meru mjini, kwenye duka la kupiga chapa lililokuwa na kompyuta moja na laini ya simu, nikingoja zamu yangu huku ile mashine ikilia kama kuku aliyekanyagwa kabla haijaunganika.

Nilikuwa na shida ya kweli. Msichana wangu mmoja wa kidato cha pili aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa likizo. Alipona, lakini alirudi shuleni hasikii kitu. Alikuwa hodari, mwenye maneno mengi na jeuri kidogo, na sasa alishinda akitazama meza. Baba yake, mkulima wa miraa, aliniambia wazi kwamba mwaka ukiisha atamchukua akakae nyumbani, awe anafunga miraa kwa majani ya mgomba. Hakuwa mkatili. Alisema hata yeye akimsemesha mtoto haelewi, sasa mwalimu mwenye darasa zima atamweza vipi. Hilo lilinikera kuliko chochote, maana nilimpenda yule mtoto.

Nikaandika kwenye mtandao. Nilianza kama mtu mwenye adabu: niliwajulia hali wote, nikauliza habari za mvua kwao, nikasema yetu imechelewa, ndipo nikaeleza habari za msichana. Wenzangu nao wakajibu kama walivyolelewa. Wa Kiirua alisema wao ni wazima ila viazi vimeharibiwa na baridi. Wa Embu akampa pole ya viazi. Mwingine akamshukuru wa Embu kwa niaba ya wa Kiirua. Kila salamu ilienda kwa kila mtu, na mwalimu wa kisiwa fulani cha mbali aliamka asubuhi akakuta barua zake zimejaa viazi vya Kiirua.

Yule mama wa ng'ambo, msimamizi wa kundi, alituandikia kwa upole kwamba kundi ni la mambo ya kufundisha tu. Tukamjibu, mmoja baada ya mwingine, tukimshukuru na kumuuliza kama watoto wake hawajambo. Barua yake ya pili haikuwa na upole. Atakayetuma salamu tena ataondolewa, alisema. Tuliumia. Wenzangu wakanyamaza, na swali langu likazikwa chini ya viazi. Waliojibu kutoka ng'ambo walikuwa watu wema: waliniambia nitafute vifaa vya masikioni, niite mtaalamu, niweke zulia darasani ili mwangwi upungue. Nilicheka peke yangu pale dukani, kicheko cha hasira, maana darasa letu halikuwa na vioo madirishani, sembuse zulia.

Jumamosi iliyofuata nilikuta barua moja tu. Mwandishi alikuwa mwalimu wa hesabu wa karibu na Runyenjes, upande wa pili wa mlima, ambaye sikuwahi kuonana naye. Alikuwa amekaidi amri waziwazi. Aliwasalimu wote kwa mapana, akaeleza kahawa yake, akaeleza goti la mkewe, akamwombea msimamizi baraka. Mwisho kabisa, kama mgeni anayekumbuka kilichomleta akiwa mlangoni anaaga, aliandika kwamba yeye mwenyewe hasikii tangu ujana wake, na kwamba amefundisha miaka hiyo yote kwa kusoma midomo ya wanafunzi. Akauliza: yule mtoto, ukiongea anakutazama?

Nililia mbele ya watu, sikujali.

Yeye aliondolewa kundini, na mimi nikajiondoa kwa hasira. Siku hizi namwelewa yule msimamizi kidogo, kidogo tu. Tukawa tunaandikiana wawili. Aliniagiza nimketishe msichana mahali atakapouona uso wangu ukiwa na mwanga, nisiongee huku naandika ubaoni, na nisipaze sauti, kwa maana anayepiga kelele hupinda mdomo. Niliwafunza walimu wenzangu pia, na mmoja akanyoa masharubu yake shingo upande. Pole kwa pole msichana akaanza kuinua kichwa. Siku moja alinisahihisha mbele ya darasa kwa ile jeuri yake ya zamani, nikafurahi hadi nikasahau kumkemea.

Lakini baba hakubadili nia. Kila alipokuja kumwona alimsemesha, na mtoto akamkodolea macho tu. Shule zilipokaribia kufungwa nilimwandikia rafiki yangu, naye akauzunguka mlima, akafika na mkungu wa ndizi begani kwa sababu haendi ugenini mikono mitupu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa isiyojua ukubwa wake.

Tulimkuta mzee nje ya bweni. Godoro la msichana lilikuwa limefungwa kamba, na anayenuia kurudi huacha godoro. Mzee alikuwa na miraa mdomoni kama wanaume wengi wa kwetu, shavu limetuna.

"Mwalimu, huyu mtoto hata mimi baba yake hanielewi," alimwambia mgeni. "Sasa shule ni ya nini?"

Mgeni alimkazia macho, kisha akatikisa kichwa.

"Mzee, nisamehe. Mimi pia sisikii, nasoma midomo, na yako haisomeki. Toa hiyo miraa kwanza."

Nilishikwa na aibu na kicheko kwa pamoja. Nilikuwa nimewatazama baba na binti wakishindwa kuelewana, na lile shavu sikuliona, kwa kuwa nimekua nikiyaona mashavu hayo kila siku.

Mzee alitema, akaenda bombani akasukutua. Aliporudi alitaka kuongea na mgeni, lakini mgeni alimshika mabega akamgeuza kwa binti yake. Mzee akapangusa mdomo kwa kiganja. Kisha kwa Kimeru, polepole, akamwambia kwamba mbuzi wake amezaa mapacha.

Msichana aliutazama ule mdomo mtupu.

"Kuna wa kike?" akauliza.

Baba yake alitaka kujibu, machozi yakamzuia. Msichana alimngoja, macho yake hayabanduki midomoni.

"Wote wawili," alisema mwishowe. "Utawaona likizo hii."

Mzee akainama, akaanza kufungua kamba ya godoro.