Madirisha ya Nyumba ya Eda

Baba alipokufa, madirisha ya nyumba yetu Malindi hayakujua. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo lile bila kuonekana nimechanganyikiwa. Tangu utoto wangu, na hata niliporudi nyumbani mtu mzima baada ya ndoa kunishinda, baba alikuwa akiinuka kabla ya adhana ya magharibi na kuyafunga madirisha sita, moja baada ya jingine: mawili ya sebuleni, la chumba cha wageni, langu, la chumba chao na mama, na mwisho la jikoni. Aliyafunga kuzuia mbu, na kuzuia mashetani, kwani alifunzwa udogoni kwamba saa hiyo ndiyo yao ya kuzagaa. Kila moja alilifunga kwa bismillahi. Yalikuwa ya mbao, mazito, na kila moja lilikuwa na kilio chake.

Wiki ya pili ya msiba, wageni walipokwisha kutawanyika, nilikuwa nimeketi na mama chumbani kwake, yeye keshaanza kukaa eda. Nikasikia dirisha la sebuleni likijifunga. Kisha la pili. Kisha la wageni, kisha langu, na lile lililokuwa mbele ya macho yetu likajisogeza taratibu likakaa mahali pake. Mwisho la jikoni. Mama hakushtuka. Alivuta sinia akasema, "Sasa tule."

Najua kuna upepo. Mimi ni mwalimu wa sayansi, sihitaji kuambiwa. Makomeo yalikuwa yamelegea, mbao zimeliwa na mchwa, na jioni upepo wa baharini hugeuka. Lakini upepo una akili gani ya kufuata zamu? Kila siku yakawa ni yale yale, na mama akawa hagusi tonge mpaka la jikoni lifungike. Upepo ukichelewa, chakula kilipoa. Usipovuma kabisa, alilala na njaa. Mifupa ya mabega ikaanza kumtokeza chini ya leso. Nilikuwa nimeshamzika mzazi mmoja mwaka ule, na niliogopa kumzika wa pili. Basi nikaamua madirisha yale yatoke, na milango itoke nayo, pawe kimya.

Kampuni ya kwanza niliyoiita ilitoka Mtwapa. Mtu wao alikuja na kitabu cha picha zinazong'aa na manukato ya kukata pumzi. Nilimwambia pale barazani kwamba ndani mna mjane wa eda, asubiri kwanza nimwondoe mama chumbani. Akaitikia naam, naam. Nilipogeuka kuchukua ufunguo, alikwisha kupita ukumbini na tepu yake mkononi, amefika mlangoni pa mama. Nilimtoa kwa maneno yasiyomfaa mwalimu, na kitabu chake nikakirusha nyuma yake. Asiyejua kungoja kukaribishwa, nitamwaminije na mlango?

Wa pili alitoka Kilifi, mtu wa bara, Mkristo, mwenye karakana yake na mafundi watatu. Yeye alibisha, akasalimu, akakaa barazani. Nilipomweleza habari ya eda alisema kwao hawana desturi hiyo, lakini mjane ni mjane. Madirisha atayapimia nje, na vipimo vya ndani vitangoja eda iishe. Hakunisifia bidhaa yake. Alinisimulia kwamba madirisha ya aluminiamu ya kwanza aliyoyafunga kwenye nyumba moja ya ufukweni Bofa aliyakazia skrubu za kawaida, chumvi ya bahari ikazila, naye akarudi kuzibadilisha kabla hajaitwa. Akanielekeza nyumba ile ile, akaniambia nisimwamini yeye, niende nikajionee siku ya mvua.

Nilikwenda. Nje mvua ilikuwa inachapa, ndani hapakuwa na tone. Mlinzi alinizungusha vyumba vyote, na alikuwa na lalamiko moja tu: yakishafungwa, mtu aliye ndani hasikii kitu, na mara mbili tajiri wake amepiga honi getini mpaka akachoka. Kwangu lile halikuwa lalamiko. Nilirudi Malindi nimeshaamua.

Mtu wa Kilifi alipokuja kupima, aliandika vipimo vyake, kisha akafunga daftari.

"Mwalimu, na mama amesemaje?"

Nilimjibu kwamba anayejenga ni mimi. Akasema hang'oi kitu kwenye nyumba mpaka asikie neno la aliyeishi humo miaka mingi, kwa sababu amewahi kung'oa mlango akaja kuombwa aurudishe, na mlango wenyewe ulishakuwa kuni. Hata kutoka nyuma ya pazia, alisema, neno moja tu. Nikamwambia mjane wa eda haruhusiwi kusema na mwanamume wa kando. Huo ulikuwa uongo. Mama alikuwa akipatana bei na muuza samaki kila asubuhi kutoka nyuma ya pazia hilo hilo. Lakini yule bwana hakujua, akainamisha kichwa kwa heshima, na heshima ile inanichoma mpaka leo. Nilitafuta mtu mkweli wiki nzima, na nilipompata nikamdanganya.

Eda ilipoisha mama alikwenda Kakuyuni kwa dada yake, kupunga hewa siku chache. Mafundi wakachukua vipimo vya ndani, na aliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Aliyapapasa madirisha kwa kiganja, akasema mazuri. Jioni niliyasukuma yote kwa kidole kimoja, nikatenga chakula. Adhana ikapita. Mama alikuwa ameinua uso kidogo, anasikiliza.

"Yameshafungwa, mama. Nimeyafunga mimi."

"Nimeona, mwanangu."

Hakula. Siku ya pili hakula, na ya tatu pia. Siku ya nne alifunga leso zake akarudi Kakuyuni, wala hakunilaumu kwa neno. Afadhali angenilaumu.

Nilikaa mwezi mzima kabla ya kumfuata. Nilimkuta amenawiri, mashavu yamejaa. Chumba alichopewa kina dirisha la vibao lisilo na komeo. Tulikuwa katika mazungumzo, jua linakaribia kuzama, akaniwekea mkono gotini ninyamaze. Dirisha likalia, likajifunga. Mama akajivutia sahani.

Nililia kama mtoto. Nilimweleza yote, uongo wa pazia na mtu wa Kilifi aliyetaka neno lake. Nikamwambia na lile lililokuwa zito zaidi, kwamba mwezi mzima nimekaa peke yangu kila magharibi katika nyumba ile, naye baba hakuja hata siku moja. Alikuwa baba yangu pia. Nikamuuliza kama baba amenikasirikia.

Mama alitafuna tonge lake akalimeza kwanza.

"Hajakukasirikia, mwanangu. Kwako ndiko anakoanzia kila jioni. Wewe humsikii tu."