Chale za Bandama

Mimi ni mwalimu wa baiolojia Kibaha, na mdomo ninao. Waulizeni wanafunzi wangu. Kila mwaka nachora chembe hai ubaoni, na juu ya utando wake nachora vipokezi, zile protini zinazopokea habari kutoka nje. Nawaambia, kipokezi ni mwenye nyumba: mgeni apige hodi kwanza, ndipo aitikiwe karibu na kazi ianze ndani. Wanaandika, kengele inalia, tunaachana.

Binti yangu wa miaka mitatu alikuwa akilelewa na mama yangu Masaki, Kisarawe. Jumamosi moja nilikwenda kumwona, mdogo wake mchanga nimembeba mgongoni. Nikiwa namwogesha, mkono ukagusa kitu kigumu tumboni, chini ya mbavu za kushoto. Mama alikuwa akimenya mihogo, hata macho hakuinua.

"Bandama hilo," akasema. "Kesho nampeleka akachanjwe."

Ningebisha, mimi mwenye shahada! Lakini nani angenilelea? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nilimshika mtoto miguu mwenyewe, mganga akamchanja kwa wembe na kumpaka dawa nyeusi. "Mama, mwambie aache," mwanangu alilia. Nikazidi kumkaza miguu. Jioni nilirudi Kibaha kusahihisha madaftari.

Miezi mitatu baadaye macho yake yalizungukwa na weusi, yote mawili, kama mtu aliyepigwa ngumi. Loo, nilivyomvaa mama! Nilimwita muuaji palepale uani, majirani wanasikia.

"Wallahi sijamgusa," alisema.

Na kweli hakuwa amemgusa. Tulimpeleka hospitali Dar, na baada ya vipimo daktari akatuita. Ni saratani, alisema, ya zile chembe changa ambazo zilitakiwa zikue ziwe neva. Kipokezi kimoja kimeharibika, hakizimiki. Nilielewa kuliko nilivyotaka. Mwenye nyumba anaitikia karibu kutwa kucha, mlangoni hapana mtu, na chembe zinagawanyika tu. Zilikuwa zimeshafika kwenye mifupa ya macho.

"Mara chache huwa ya kurithi," akasema. "Kwenu kuna mtoto mwingine aliyewahi kuvimba tumbo hivi?"

"Hakuna," nikadakia.

"Yupo," mama akasema. "Kaka yako, wewe hujazaliwa. Tulichelewa kumchanja, macho yakawa meusi, mwezi haukuisha. Ndiyo maana huyu nilimwahisha."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Maskini mama yangu, miaka yote hiyo alijilaumu kwa kuchelewesha wembe. Nilimshika mkono.

Daktari alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa akitazama mgongoni kwangu, nilikombeba yule mdogo wa binti yangu, sasa wa miezi saba, amelala fofofo.

"Mama, mshushe huyo," aliniambia. "Mlaze hapa kitandani, umvue nguo."